Shahidi wa Kitanda Namba Kumi na Saba

Wanawake wengine hukutana na mama mkwe sebuleni, sari imepigwa pasi, kichwa kimefunikwa, sinia la chai linatetemeka mkononi. Mimi wangu nilikutana naye amevua blauzi, nami nimeshika kalamu.

Ilikuwa Jumatano, wiki ya pili ya Januari, na ule ukungu wetu wa mji wa Rajshahi ulikuwa umeingia mpaka ndani ya wodi ya upasuaji ya wanawake. Saa nne asubuhi taa zote zilikuwa zinawaka. Profesa Wadud alitugawia vitanda kama mwalimu anayegawa madaftari: wewe kumi na tano, wewe kumi na sita, Sanjida kumi na saba. Sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kitanda ukishapewa ni chako. Aliyelala hapo unamhoji, unampima, unaandika faili lake, unamsemea mbele ya raundi, unaingia naye chumba cha upasuaji, na akitoka unambadilishia bandeji mpaka aende kwao. Na profesa alikuwa na sheria moja ambayo ukiivunja anakurushia faili: malalamiko ya mgonjwa yaandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, siyo ya kitabu.

"Khala, shida gani imekuleta?" nikamuuliza. Kila mwanamke wa umri wa mama yangu mimi namwita khala, kama ndugu wa mama yangu, na wengi wakiitwa hivyo hulegea.

Huyu hakulegea. Alikuwa na miaka hamsini na mitano hivi, mwembamba, sari nyeupe ya mjane, shali ya sufu begani, mkononi hana hata bangili moja. Alinitazama usoni, akashuka kwenye kitambulisho kifuani pangu, akarudi usoni. Akakaa hapohapo muda mrefu hadi nikadhani nina wino mdomoni.

"Andika," akasema. "Nina jiwe hapa kwenye titi. Lilianza kama mbegu ya limao. Sasa ni limao lenyewe."

"Tangu lini?"

"Ramadhani iliyopita."

"Miezi kumi, khala! Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mume nimemzika. Mwana yuko kwenye vitabu. Huyu mtoto wangu Jui ndiye aliyeona damu kwenye blauzi, akanililia siku tatu mpaka nikaja."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akadakia Sista Parul, aliyekuwa ametushikia pazia. Sista huyo hajawahi kuona kimya akakiacha kipite.

"Kifo tunajuana, sista. Kimeshakuja kwangu mara nyingi, hakinitishi."

Nikaandika: jiwe, mbegu ya limao, limao lenyewe. Kisha nikauliza lile swali ambalo tunamuuliza kila mwanamke, nilishaliuliza mara mia.

"Watoto wangapi, khala?"

"Wa kuzaa mmoja. Ishraq. Anasomea udaktari papa hapa. Kundi lao limepelekwa vijijini wiki mbili, ndiyo maana nimekuja sasa."

Kalamu yangu ikasimama.

Jamani, Ishraq ni nani? Ishraq ni mtu aliyeshindwa kufunga fundo. Mwaka wa tatu, siku ya kwanza ya kujifunza kushona, wenzetu wote walishaweza kufunga uzi kwa mkono mmoja, yeye uzi umemzunguka vidole kama buibui amemkamata. Nikacheka. Akanigeukia akasema, "Cheka, lakini ukimaliza nifundishe." Nikamfundishia kwenye tundu la kifungo cha koti lake jeupe, kama wanafunzi wa upasuaji tunavyofanya wote, na yeye akafanyia kwenye langu. Miaka miwili tumefungiana nyuzi, mpaka tundu la koti lake likawa na ndevu kama za mbuzi. Hivyo ndivyo nilivyopenda. Hakuna ua, hakuna barua. Uzi mweusi wa hospitali tu.

Siku ya Idi alimwambia mama yake habari zangu. Mama hakula siku tatu. "Si wewe, Sanjida," aliniambia aliporudi, macho yamemvimba. "Ni jambo la nyumbani. Nipe muda." Nikampa. Nilimpa muda mpaka muda wenyewe ukanichoka.

"Mbona umenyamaza, daktari?" akauliza yule mama.

"Nahesabu miezi, khala."

"Hesabu. Lakini mwanangu asijue kama niko hapa. Niahidi."

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa," nikajibu, kwa sauti ya profesa kabisa, kumbe najifunga kamba mwenyewe. Kisha nikampima. Ngozi ilikuwa imeingia ndani upande mmoja, na kwapani vidole vyangu vikakuta vitezi viwili vigumu. Nilivipapasa mara tatu nikiomba visiwepo. Vilikuwepo.

*

Majibu ya maabara yalirudi Jumapili. Saratani. Jumatatu kwenye raundi nikasimama miguuni pa kitanda, wenzangu kumi na mmoja wamenizunguka, nikamsoma mama yule, Hosne Ara Khatun, kama anavyosomwa mgonjwa yeyote. Profesa akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo huwa halitokei.

"Mama," akamwambia, "ugonjwa umefika kwapani lakini hatujauona kwingine. Kesho ni siku yangu ya upasuaji. Naliondoa titi na vile vitezi, halafu dawa. Ukikubali kesho, nina matumaini nawe."

"Nitakubali, bwana daktari. Baada ya harusi ya mwanangu."

"Harusi ni lini?"

"Akikubali kuoa."

Wenzangu wakacheka. Profesa hakucheka. "Huo uvimbe hausubiri kadi ya mwaliko, mama." Akanigeukia mimi. "Sanjida, mgonjwa ni wako. Saa nane mchana kama hajatia saini, mpe ruhusa aende. Pale mlangoni kuna mwanamke analala sakafuni tangu Ijumaa."

Mchana ule nikakaa kwenye ngazi za nyuma, koti limenilowa ukungu, najiuliza nianzie wapi. Simu ikaita. Nani mwingine?

"Daktari wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Ungekuwa umekula ungeshalalamika chumvi."

Nikacheka, nikajichukia kwa kucheka. Nyuma yake nilisikia bata wakipiga kelele na mtu akiita watoto wa chanjo.

"Sikiliza," akasema. "Nikipiga nyumbani Jui ananiambia mama amelala. Mama yangu halali mchana, Sanjida. Hajawahi."

"Labda baridi."

"Labda. Nimefikiria sana huku. Nikirudi namkalisha chini mara ya mwisho. Akikataa, basi. Mei tukimaliza mtihani tunakwenda kwa kadhi, mimi na wewe na mashahidi wawili. Nimeamua. Umenisikia?"

Miaka miwili nilikuwa naisubiri sentensi ile. Nimeiota nikiwa nimevaa sari nyekundu, nimeiota nikiwa nafua. Na ikachagua kuja siku hiyo, mama yake yuko ghorofa ya juu yangu na jiwe lake kwenye titi.

"Nimekusikia," nikasema. "Raundi inanisubiri." Hakukuwa na raundi.

*

Nilimkuta ameketi, blanketi magotini. Jui alikuwa ameshuka getini kununua pitha za moto, vile vitumbua vya unga wa mchele.

"Keti, Sanjida," akasema.

Tangu Jumatano alikuwa ananiita daktari. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Picha yako ninaijua. Ishraq aliniwekea mezani siku ya Idi, bakuli la tambi hata sijalimaliza. Siku ile ulipofungua pazia nilikujua kabla hujafungua mdomo."

"Sasa mbona hukusema, khala?"

"Nilitaka nikuone bila wewe kujua. Mtu akijua unampima kuwa mkwe, hukupa uso wa wageni." Akalainisha blanketi. "Siku walipochukua kile kinyama cha kipimo, ulinifunga bandeji huku unanipulizia kama mtoto mdogo. Nimekutafuta kasoro siku tano. Sijaipata, na hilo ndilo linaloniuma."

"Kama hujaipata, basi…" Moyo wangu, mpumbavu yule, ukaanza kudunda.

"Ngoja. Jui si wa kuzaa mimi. Ni wa dada yangu. Mama yake alikata roho kwenye kitanda kama hiki, tena hakikuwa na pazia. Alinishika mkono akasema, Hosne, mwanangu asije akawa mtumishi kwenye nyumba za watu, mpe mwanao amuoe. Nikasema nimempa. Watu wanne wamesikia. Dada yangu akafa ametulia kwa sababu ya neno langu. Jui alikuwa na miaka sita."

"Ishraq anajua haya?"

"Anajua. Anasema Jui ni dada yake."

"Si ni kweli? Wamelelewa nyumba moja!"

"Wanaume husema hivyo mpaka siku ya ndoa. Ahadi ni deni, mwanangu. Na huyu ninayemdai… hapana, anayenidai mimi, yuko kaburini. Siwezi kwenda kumbembeleza anipunguzie."

"Na Jui mwenyewe mmemuuliza?"

Akatazama dirisha, ambalo halikuwa na kitu ila weupe wa ukungu.

"Khala, hayo ni ya nyumbani kwenu. Upasuaji unahusikaje?"

"Unahusika. Nikilala kwenye meza yenu nisiamke, mwanangu atakuoa kabla arubaini yangu haijasomwa, na Jui atabaki na nani? Lakini nikiwa hai, hata na jiwe langu, Ishraq hataoa bila baraka yangu. Yule nimemzaa mimi, namjua."

Nilitaka kumwambia, humjui, saa hii hii ametoka kuniambia Mei kwa kadhi. Nikaumeza ulimi.

"Ukikaa na jiwe hilo mwakani hutakuwepo, khala. Si maneno yangu, ni ya profesa."

"Basi nisaidie." Akaninong'oneza, maana wa kitanda cha kumi na sita alikuwa na masikio makubwa. "Mwache. Leo, mbele yangu, nisikie mwenyewe. Ukimwacha natia saini papo hapo. Na sababu asiijue maadamu mimi ni mzima."

Mtu anaposema hasira ilimpanda, huwa nadhani ni maneno. Mimi ilinipanda kweli, kutoka tumboni, nikasimama.

"Huu ni utekaji! Unaniwekea roho yako shingoni!"

"Ndiyo."

"Hata aibu huna?"

"Ninayo, mwanangu. Ninayo sana. Lakini sina kingine cha kukutishia nacho."

"Basi nenda kwenu ukafe!" nikasema. Nilisema hivyo. Mgonjwa wangu, mama wa watu, mjane. Kitanda cha kumi na sita kikageuka chote kunitazama, nami nikatoka mbio, koti linapepea.

Kwenye ngazi nikagongana na Jui. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, uso mviringo, pua nyekundu kwa baridi, amebeba pitha kwenye gazeti zinatoka mvuke.

"Dada! Nimekuletea na wewe. Nimemwambia yule muuzaji aweke sukari guru nyingi." Akanishikisha moja mkononi. Kisha akashusha sauti. "Niambie ukweli. Atapona?"

"Akikatwa kesho ana nafasi nzuri."

"Na asipokatwa?"

Nikajaza pitha mdomoni ili nisijibu. Iliniunguza ulimi.

"Mama yangu wa kwanza hata sura yake siikumbuki," akasema Jui. "Nilikuwa mdogo. Huyu namkumbuka kila kitu. Nikimpoteza huyu nitafanyaje, dada? Mbembeleze wewe. Anakupenda, usiku anakutaja."

Ningependa kukuambia kwamba nilifikiria sana, nikaswali, nikamwomba mtu ushauri. Sikumwomba mtu. Ningemwendea profesa nimwambie nini? Anibadilishie kitanda? Angenipa kingine, na kumi na saba angevaa shali yake aende nyumbani. Nilisimama pale ngazini na nusu ya pitha, saa ya ukutani inasema saa saba na nusu. Nilichokiona ni kimoja tu: Ishraq anakuja kujua, miezi sita baadaye, kwamba mama yake alikuwa kwenye kitanda changu na nilimwachia aondoke. Angenioa na kunitazama hivyo maisha yake yote.

Nikarudi juu. Nikamtuma Jui duka la dawa akanunue pamba ambayo tulikuwa nayo tele. Nikavuta pazia, nikaketi, nikapiga simu mbele ya mama yake.

Iliita mara moja tu.

"Ehe, umekumbuka kwamba hujala?"

"Ishraq, tuishie hapa."

Akacheka. "Tuishie wapi? Mtandao mbovu huku, sema tena."

Hebu fikiria kulisema mara mbili. Nikalisema.

"Unatania."

"Baba amenipatia mtu. Mhandisi, yuko Dhaka. Nimekubali."

"Saa moja haijapita nimekwambia Mei kwa kadhi. Hukusema kitu!"

"Nilikuwa natafuta namna."

"Sanjida, nani yuko hapo? Nani amekulazimisha?"

Mama yake alikuwa amenikazia macho, mkono mmoja juu ya titi lake bovu. Nikajua asipoamini, hakuna saini. Na Ishraq hataamini huruma wala machozi, ananijua mno. Ataamini dharau tu.

"Hakuna aliyenilazimisha. Nimechoka! Miaka miwili nipe muda, nipe muda. Mimi si dawa ya kuwekwa kabatini mpaka mama yako aamue kuumwa. Mwanaume anayemwogopa mama yake, akae na mama yake!"

Yule mama akafumba macho.

"Usimtaje mama yangu," akasema Ishraq. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwingine.

"Namtaja. Amekushinda, na mimi sitaki mtu aliyeshindwa."

Hata bata wale sikuwasikia tena. Nilimsikia akivuta pumzi, nikamsikia akiitoa, nikadhani atalia, na angelia ningesema yote.

"Haya," akasema. "Haya, Sanjida. Mungu akupe heri na mhandisi wako." Simu ikakatika.

Nikaiweka juu ya blanketi.

"Umeridhika, khala?"

Alinyoosha mkono kunishika. Nikautoa wangu. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, hakuyapangusa. "Lete karatasi," akasema.

Daktari Mizan, msaidizi wa profesa, akaja na fomu ya ridhaa. Alimweleza tena mwanzo hadi mwisho, kitakachokatwa, damu, dawa ya usingizi, hatari zake. Kila kipande aliuliza, umeelewa mama? Naye kila mara akajibu ameelewa. Akaandika jina lake herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa fimbo.

"Shahidi aandike hapa," akasema Daktari Mizan. "Andika wewe, si ni mgonjwa wako?"

Shahidi. Nikaandika jina langu na saa: saa nane kasoro dakika kumi.

"Umemfanya nini?" akaninong'oneza tukitoka. "Mimi na profesa tumeshindwa."

"Maneno tu," nikasema.

*

Jumanne walimlaza. Kabla dawa ya usingizi haijamchukua alinitafuta kwa macho kati ya barakoa zote zile, na akanipata. Nikamshika mkono. Sikutaka, lakini kuna mambo mikono inafanya yenyewe.

Profesa alinipa kile chuma cha kuvutia ngozi. "Shika hapa, usitikisike." Nilikishika kwa muda wa saa mbili na robo. Bega liliwaka, vidole vikafa, na mbele ya macho yangu wakamtoa titi lililomnyonyesha Ishraq, likawekwa kwenye bakuli la chuma. Machozi yalinijaa ndani ya barakoa.

"Sanjida," akasema profesa bila kuinua kichwa, "ukitaka kulia, toka. Hapa ni pasafi."

"Silii, bwana."

"Vizuri. Vuta zaidi."

Nikavuta zaidi. Alipofunga mshono wa mwisho alisema vitezi vimetoka vyote, mama huyu ataona wajukuu. Kila mtu akafurahi. Mimi nikaenda kunawa, nikanawa muda mrefu kuliko kawaida.

Jui alimpigia Ishraq siku ileile, naye Alhamisi asubuhi akaingia wodini na matope ya kijijini kwenye viatu. Nilikuwa kitanda cha kumi na nne, nimeugeuzia mlango mgongo, lakini hatua zake nazijua. Alipita nyuma yangu bila kusimama. Nikasikia, "Ma!" Nikasikia kilio, cha wote watatu. Nikahesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa wa watu mara nne, kila mara nikapata namba tofauti.

Baadaye akanifuata kwenye korido, faili mkononi. Alikuwa hajanyoa. Kwenye tundu la kifungo cha koti lake ndevu zile hazikuwepo tena. Alikuwa amezikata na mkasi, kimebaki kifundo kimoja kilichokaza sana hata makali hayakuweza kuingia.

"Huu ni mwandiko wako," akasema. "Wewe ulimpokea. Wiki nzima ulikuwa unajua."

"Aliomba usijue. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

"Hata siku ile uliponipigia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikaza taya. Nilimwona akiunganisha mambo, akikaribia kabisa, na nikaomba Mungu aunganishe, nikaomba asiunganishe. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, mama yake alikuwa ameinua kichwa kwenye mto anatutazama. Hakuwa na kitisho usoni, alikuwa anaomba tu.

"Na ukaweza kunisema vile," akasema Ishraq taratibu, "huku mama yangu anaumwa mbele yako. Unamwita mtu muoga, na unajua mama yake amelala na saratani."

Kumbe alikuwa ameunganisha hivyo.

"Ndiyo," nikasema.

"Sikusamehe, Sanjida. Sijui kama nitaweza." Akafungua faili kwenye fomu ya ridhaa, akaweka kidole chini ya jina langu, palipoandikwa shahidi. "Lakini Daktari Mizan anasema alikataa mpaka dakika za mwisho, na wewe ndiye uliyemgeuza. Ulimwambia nini?"

Neno moja tu lingetosha. Nikamtazama mjane yule juu ya mto wake, bomba la damu limening'inia ubavuni, na Jui amemshika miguu.

"Nilimweleza faida za upasuaji."

Akatikisa kichwa pole pole. "Asante, basi. Kwa mama yangu, asante." Ilimtoka kwa shida.

"Mshono wake unatolewa siku ya kumi," nikasema. "Mkono ule asibebe ndoo. Usisahau."

"Sitasahau."

Hakuondoka, wala mimi sikuondoka. Tulisimama tu, tumeangalia chini wote wawili, kwenye matope ya viatu vyake. Ndipo sauti ikatoka kitanda namba kumi na saba, nyembamba, ya mtu aliyetoka kukatwa:

"Ishraq, baba, njoo. Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake."